Je, wajua kwa nini mshahara wa mke Mwislamu ni mali yake, ilhali ruhusa ya kwenda kazini huzua mzozo?

Katika masoko ya Kampala utawakuta Hajati waliojitanda ushungi wakipima mchele, wakipanga vitenge na kudai madeni yao wenyewe, na hakuna mteja anayeshangaa. Lakini mteja huyohuyo, akisikia habari za Afghanistan, huuliza iweje dini ileile imzuie mwanamke kufanya kazi. Jibu linaanzia katika kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya barazani huyachanganya: haki ya kumiliki chumo, na haki ya kutoka nyumbani kwenda kulichuma.

Katika la kwanza fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, haina utata mkubwa. Aya ya 32 ya Sura An-Nisaa inasema kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma, na kwa msingi huo mahari, urithi, faida ya biashara na mshahara wa mke ni vyake, wala mume havigusi bila ridhaa yake, hata akiwa yeye ni fukara na mke ni tajiri. Bibi Khadija aliwaajiri wanaume kusafirisha bidhaa zake, na Mtume alikuwa mmoja wao kabla ya kumwoa. Uingereza, iliyokuja kututawala kwa jina la ustaarabu, ilimruhusu mke kumiliki ujira wake mwaka 1870 tu, na mali yake kwa jumla mwaka 1882.

La pili ndilo gumu. Mafakihi wa kale waliiona ndoa kama mapatano ambayo mume hutoa chakula, mavazi na makazi, na mke naye hatoki bila idhini yake. Akitoka bila idhini, wengi wao walisema anaweza kupoteza matunzo. Hivyo mwanamke alikuwa na mfuko ambao hakuna wa kuutia mkono, lakini ufunguo wa mlango ulikaa kwa mwingine. Kwa maoni yangu kanuni hiyo iliwafaa zaidi matajiri wa mijini, kwa kuwa mke wa mkulima alikwenda shambani alfajiri bila kungoja fatwa.

Serikali za kisasa zilipoandika sheria zao, kila moja ilishika upande wake. Kifungu cha 1117 cha sheria ya madai ya Iran kinampa mume nafasi ya kumzuia mkewe kazi isiyolingana na maslahi au heshima ya familia. Nchini Misri, marekebisho ya mwaka 1985 yalisema kwamba mke anayetoka kwa kazi halali hapotezi matunzo, ilimradi asiitumie haki hiyo vibaya. Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake kuendesha magari mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikawaruhusu wenye umri wa miaka 21 kuchukua pasipoti bila idhini ya mlezi. Ndani ya miaka michache sehemu ya wanawake wake walio katika soko la ajira ikapanda kutoka takriban mmoja kati ya watano hadi zaidi ya mmoja kati ya watatu. Msahafu haukubadilika hata herufi.

Hapa Uganda, ambako Waislamu ni wachache, Katiba ya 1995 inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na ulezi peke yake, hivyo kadhi hana njia ya kumfungia mwanamke kibanda chake. Mzozo hubaki chumbani, na mara nyingi humalizwa na karo ya shule, maana mume asiyeweza kuilipa peke yake hupata shida kushikilia kwamba mke asitoke.

Nyumba ya Saudia ambayo mama yake sasa huenda ofisini nayo inahitaji mtu wa kupika na kulea, na baadhi ya watu hao ni mabinti wanaopandia ndege Entebbe, Waislamu kwa Wakristo. Mageuzi ya mwaka 2021 yaliyolegeza mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, kwa wafanyakazi wa kigeni nchini humo hayakuwagusa watumishi wa nyumbani, kwa hiyo wakati huo binti wa Uganda kwa kawaida aliendelea kuhitaji idhini ya mwajiri ili abadili kazi.