Uko kwenye dawa za homa ya ini C na asubuhi hutoki kitandani? Soma hii kabla hujazilaumu dawa

Kwenye kliniki ya ini kuna lalamiko moja tunalisikia sana kwa watu walioanza dawa za homa ya ini C, nalo ni la asubuhi. Mtu anakwambia daktari mi usiku nalala fresh tu ila nikiamka mwili wote kama nimepigwa, magoti yamekaza, vidole havikunjiki, na nguvu ya kugombania daladala sina mpaka saa nne huko. Alafu anamalizia, nadhani hizi dawa kali, bora nizipumzishe siku mbili tatu. Hapo kwenye kuzipumzisha ndo panatutisha, kwasababu mara nyingi dawa haijafanya kosa lolote, kuna kitu kingine kinachomuamsha hoi na kina tiba yake, na akiacha vidonge uchovu unabaki palepale na kirusi nacho kinabaki.

Kwanza tuelewane kuhusu hizi dawa. Stori nyingi za mateso mnazosimuliana ni za enzi za sindano ya interferoni, ile ya kuchomwa kila wiki kwa miezi 6 mpaka mwaka mzima pamoja na vidonge vya ribavirini, mtu anatetemeka, ana homa, mwili unauma kweli, na mwisho wa siku kwa aina ngumu za kirusi waliopona walikuwa kama nusu tu. Enzi hizo zimeisha. Dawa mpya ya vidonge iitwayo sofosbuviri ilipitishwa Marekani mwishoni mwa 2013, na siku hizi inaunganishwa na daklatasviri au velpatasviri, unameza mara moja kwa siku kwa wiki 12, na watu zaidi ya 95 kati ya 100 wanaomaliza dozi wanapona. Zinachosha? Ndio, kidogo, kichwa kuuma na uchovu ndo vinatajwa sana, ila kwa wengi ni wa kuvumilika. Kwahiyo mtu akiniambia ameishiwa nguvu kabisa mi sianzi na dawa, naanza kumuuliza maswali.

Swali la kwanza, hali hii ilianza lini? Ukikaa ukafikiria vizuri wengine wanagundua walikuwa hivyo miaka miwili kabla ya kidonge cha kwanza. Homa ya ini C yenyewe inachosha na inaumiza viungo, hata kwa mtu ambaye ini lake bado lina hali nzuri, kinga ya mwili inapambana na kirusi na viungo vinapata mshtuko wake. Na kuna mtego hapa, kirusi hiki kinaweza kufanya kipimo cha damu cha baridi yabisi kisome chanya wakati baridi yabisi huna, watu wanaanzishiwa matibabu ya ugonjwa ambao hawana. Ila kama viungo vimevimba kweli na vinakaza zaidi ya saa nzima kila asubuhi, au umeona madoa mekundu au ya zambarau yametokea miguuni, hilo usilibebe mwenyewe, lilete tuangalie.

Swali la pili linawahusu wenzetu walioko kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa ya kuwasaidia watu kuacha heroini, na ni wengi kwasababu sindano za kuchangia ni moja ya njia kubwa za kuambukizwa C. Tanzania huduma ya methadoni ilianza Muhimbili 2011 na sasa ipo sehemu nyingi. Sasa angalia, dozi ya methadoni unakunywa mara moja, asubuhi, kwahiyo alfajiri ndo inakuwa imeshuka kabisa mwilini. Ukiamka mifupa inauma, miayo haiishi, jasho la baridi, machozi, na vyote vinatulia masaa mawili matatu baada ya kunywa dozi, ndugu yangu hiyo ni arosto, yaani mwili unadai dozi, sio dawa ya ini. Mwambie mhudumu wako wa methadoni dozi haikufikishi asubuhi, wataipitia upya. Usiogope kwamba zinagongana, sofosbuviri na daklatasviri haziishushi methadoni. Tena ukiweza meza kidonge cha ini palepale dirishani unapokunywa methadoni, hutakaa usahau siku.

Tatu, sukari. Hili watu hawalijui na wahudumu wengine nao hawaliulizi. Kirusi cha C kinaufanya mwili ugome kutii insulini, sasa dawa zikikifyeka kirusi mwili unaanza kutii tena, na wewe bado unajichoma dozi ileile ya zamani ya insulini au unameza kidonge cha kisukari kiitwacho glibenklamidi kilekile, matokeo yake sukari inashuka sana, hasa usiku kuelekea asubuhi. Unaamka umelowa jasho, mikono inatetemeka, kichwa kizito, huelewi vizuri. Mgonjwa wa kisukari aliye kwenye dawa hizi apime sukari mara kwa mara zaidi, na kipimo cha asubuhi kabla hajala asikiruke, na kliniki ya kisukari wajue umeanza matibabu ya ini ili dozi ipunguzwe ikihitajika. Ukijikuta hivyo muda huo huo kunywa kitu chenye sukari kwanza, kupiga simu baadae.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho kwa maoni yangu ndo kinapuuzwa kuliko vyote. Ini lenye afya linaweka akiba ya sukari ya kukuvusha usiku. Ini lililojaa makovu akiba hiyo halina, kwahiyo ukila saa moja jioni ukalala mpaka saa kumi na mbili, mwili wako umepitia kitu sawa na mtu mzima mwenye afya aliyekaa na njaa siku mbili tatu, na unachofanya ni kuanza kula misuli yako mwenyewe. Utaamkaje na nguvu? Dawa yake ni rahisi hata kuiandika naona aibu: kula kitu kabla ya kulala. Bakuli la uji wa ulezi na maziwa, ndizi mbivu mbili na karanga, mkate na yai, chochote chenye wanga na protini kidogo. Na yule anayekwambia mgonjwa wa ini asile nyama, mayai wala maharage anakumaliza, protini unaihitaji zaidi ya mtu mwingine. Kinachopunguzwa ni chumvi kama tumbo au miguu inajaa maji. Na wenye makovu kwenye ini wanaotaka kufunga Ramadhani waongee na daktari wao kabla mwezi haujaandama, sio siku ya kumi.

Maumivu je, unameza nini? Hapa kuna kituko cha kila siku. Mtu anaogopa Panadol kama sumu kwasababu alisikia inaua ini, basi anapita duka la dawa anachukua diklofenaki au ibuprofeni na kumeza kutwa mara tatu. Kwa mgonjwa wa ini hizo ndo za kuogopa, zinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo likavuja damu, na kama ini lina makovu hatari ni kubwa zaidi. Paracetamol kwa kipimo ndo salama: vidonge vya miligramu 500 visizidi vinne kwa masaa 24, na uhesabu na dawa za mafua maana nyingi zina paracetamol ndani yake. Pombe sifuri. Mitishamba ya kusafisha ini achana nayo, mingine ndo inayoliharibu, na mingine inashusha nguvu ya vidonge vyako.

Kuhusu muda wa kumeza, sofosbuviri na daklatasviri unaweza kumeza muda wowote, umekula hujakula, muhimu iwe saa ileile kila siku. Kama unaona asubuhi inakuchanganya, ongea na kliniki mhamishie jioni taratibu. Umesahau na ukakumbuka siku hiyohiyo meza, ikikaribia saa ya dozi nyingine iruke, usimeze mbili. Wa velpatasviri muwe makini na omeprazoli na dawa za kiungulia, zinazuia isifyonzwe vizuri, na nyie mnaotumia dawa za TB, za kifafa au ile ya moyo iitwayo amiodaroni mlitakiwa mseme kabla hamjaanza, kama hamkusema semeni leo. Wachache wanaoongezewa ribavirini wakianza kuhema wakipanda ngazi wapime damu, dawa hiyo inapunguza damu na huo uchovu unarekebishika.

Asubuhi yenyewe usiruke kitandani. Nyoosha miguu na vidole ukiwa bado umelala, oga maji ya moto, kunywa chai au kahawa, kahawa kwa ini haina ubaya hata kidogo, alafu tembea, hata dakika kumi za kuzunguka mtaani. Najua ukiwa umechoka kutembea kunasikika kama adhabu lakini kulala mchana kutwa kunafanya kesho yake iwe mbaya zaidi.

Na ukigundua unalala mchana na kukodoa macho usiku, unasahau vitu, mwandiko umebadilika, hiyo siyo ya kuzoea, ini linashindwa kusafisha sumu, njoo haraka. Vilevile macho kuwa ya njano, choo cheusi kama lami, kutapika damu, tumbo kuvimba. Wenye homa ya ini B pia wawe macho zaidi, B inaweza kuamka wakati C inatibiwa, ndo maana tunapima zote mbili mwanzoni.

Ukimaliza wiki 12 kipimo cha kujua umepona kinafanyika wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Wengi nguvu inarudi polepole, inaweza kuchukua miezi, na wachache wanabaki wamechoka hata kirusi kikiwa hakipo, hao tunawapima wingi wa damu, tezi ya shingo na tunawauliza kuhusu sonona bila kuona haya. Kitu kimoja, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kitaendelea kusoma chanya maisha yako yote hata ukiwa umepona, kwasababu kinaangalia kinga na sio kirusi. Mtu akikuonyesha hicho alafu akataka kukuanzishia dozi upya, mwombe kipimo cha kirusi chenyewe kwanza.