Nyumba ndefu ya Dartmoor: mlango mmoja kwa watu na ng'ombe

Nyumba za shamba zilizo ndefu ziko tele Uingereza, lakini si kila moja huitwa "nyumba ndefu". Jina hilo hutokana na namna ya kuingia: watu na ng'ombe walipita mlango mmoja, ndani wakaachana, hawa kulia na wale kushoto, wote wakalala chini ya paa moja. Zilizosalia nyingi ziko Dartmoor, nyanda za juu zenye mvua na upepo mkali huko Devon, kusini-magharibi mwa nchi.

Ukitaka kuielewa, tazama kwanza mteremko. Nyumba ililazwa kuufuata mlima, kichwa juu, miguu chini. Watu walikaa upande wa juu, zizi likawa la chini, na katikati ukapita ujia unaoikata nyumba kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Zizini ng'ombe walifungwa safu mbili, vichwa ukutani, mikia ikielekea mfereji wa mawe uliopita katikati. Mkojo na samadi vilishuka hadi kwenye tundu chini ya ukuta wa mwisho, vikatoka nje. Igeuze nyumba hiyo, na uchafu wote utaishia mekoni! Madirisha ya zizi yalikuwa nyufa nyembamba tu, za kuingiza hewa na mwanga kidogo.

Kuta ni za itale, jiwe gumu kweli kweli. Wakulima wa zamani hawakulichimba. Waliokota mawe yaliyotapakaa juu ya ardhi, mengine makubwa ajabu, wakayapanga kuwa kuta nene.

Mwanzoni sehemu ya watu ilikuwa ukumbi ulio wazi hadi paani. Moto uliwaka katikati ya sakafu, bila dohani, na moshi ukajitafutia njia kupitia paa la mabua. Ipo nyumba iitwayo Higher Uppacott, ya karne ya 14, ambayo tabaka la ndani la mabua yake bado lipo, jeusi tititi kwa masizi. Kwangu mimi mabua hayo yana thamani kupita jiwe lolote la pale. Jiwe hudumu lenyewe. Mabua ni kitu cha kuoza, na haya yamebeba moshi wa chakula cha jioni cha watu walioishi zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Dohani za mawe na vyumba vya ghorofani viliongezwa hasa katika karne ya 16 na ya 17. Baadaye familia nyingi zilichoka kupishana na mifugo ujiani, zikatoboa ukuta ili ng'ombe wawe na mlango wao. Mazizi mengi yakageuzwa vyumba vya kuishi. La Higher Uppacott limebaki zizi.