Mbwa Anayetokwa na Damu Puani: Tiba Ipo Hata Kama Uvimbe Hauponi

Katika kliniki yetu hapa Kisumu, wanaonitia uchungu zaidi ni mbwa waliotokwa na damu puani kwa miezi huku wenyewe wakinunua antibiotiki za agroveti. Dawa hizo hukausha usaha kwa wiki moja, mbili, halafu damu inarudi, kwa sababu uvimbe ulio ndani haujaguswa. Mbwa mzee, hasa mwenye pua ndefu, akitoa damu au kamasi upande mmoja, akikoroma hata akiwa macho, na jicho la upande huohuo likachuruzika machozi, mlete mapema.

Si kila damu ni saratani. Kupe wetu hueneza erlikia, ugonjwa wa bakteria, nao huleta damu puani. Sumu ya panya vilevile. Kwa hiyo tunapima damu kwanza, ndipo tupige eksirei na kukata kipande kidogo cha uvimbe kipimwe maabara, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Kipimo hicho cha kipande nakisisitiza sana. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana au kunusana, na mara nyingine huota puani. Hiyo hupona, mara nyingi kwa sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki 4 hadi 8. Mbwa wa aina hiyo akiachwa afe bila kupimwa, amedhulumiwa.

Majibu yakiwa karsinoma au sarkoma, yaani saratani zisizoambukizwa, hali ni nyingine. Uvimbe huo huchelewa kusambaa mwilini lakini huila mifupa ya uso, na bila tiba mbwa wengi huishi takriban miezi 3 tu. Upasuaji peke yake haurefushi maisha. Mionzi husaidia zaidi, hata dozi chache za kutuliza, ila kwa mwenye mbwa wa Nyalenda au Ahero si rahisi kuifikia. Kinachobaki mikononi mwetu ni kumpunguzia maumivu, na hapo tunaweza kufanya mengi.

Dawa tunayoitegemea ni piroksikamu, dawa ya kutuliza maumivu: miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 6. Kidonge cha binadamu cha miligramu 20 ni zaidi ya mara tatu ya dozi yake! Ndiyo maana daktari hupima figo kwanza na kukugawia dozi mwenyewe. Usiichanganye na prednisoloni (dawa ya steroidi), na ukiona kinyesi cheusi kama lami, iache upige simu. Ibuprofeni na diklofenaki usimpe kamwe.

Nyumbani, mfute pua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo. Asiyenusa hukataa chakula, basi kipashe moto na umwagie mchuzi wa omena usio na kitunguu wala chumvi. Damu ikitoka, mtulize na umwekee kitambaa chenye barafu juu ya pua. Usimsukumie pamba ndani. Isipokoma baada ya dakika chache, mlete.

Akishindwa kulala kwa kukosa pumzi, akigoma kula kabisa, au akianza kifafa kwa sababu uvimbe umefika kwenye ubongo, muda umefika wa kumpumzisha. Daktari humchoma sindano ya kumlaza usingizi mzito, kisha moyo husimama bila yeye kujua. Sumu na rungu humtesa bure. Ulizia mapema gharama, na kama daktari anaweza kuja nyumbani, maana usiku damu ikianza kumwagika utahangaika kutafuta namba ya simu.