Picha haimnyang'anyi mtoto sauti

Mama mmoja aliniambia amekificha kitabu cha picha juu ya kabati. Mwanawe wa miaka minne, ambaye bado hasemi, alikuwa ameshajifunza kuchomoa picha ya maji na kuitia mkononi mwa mtu, na vilio vya nyumbani vilikuwa vimepungua. Kisha ndugu mmoja akamwonya kwamba mtoto akizoea picha hatasema tena, na kitabu kikapandishwa kabatini. Waliporudi kwangu, mimi ninayewatibu watoto waliochelewa kusema, mtoto alikuwa akijiuma mkono.

Sikumlaumu mama huyo. Kauli ile ile naisikia kwa akina baba, kwa bibi, kwa walimu na, kinachoniuma zaidi, kwa wahudumu wa afya ambao walipaswa kujua. Wiki hii nimeisikia mara mbili. Basi niieleze hapa kwa kirefu, kisha nizipitie kwa haraka kauli nyingine ninazozisikia kuhusu watoto waliochelewa kusema.

"Akizoea picha au ishara, hatasema"

Si kweli, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha uchambuzi wa tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia nyingine za kuwasiliana, hasa ishara za mikono na picha. Walipochuja na kubakiza tafiti zenye udhibiti madhubuti, walipata watu 27. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 usemi wao uliongezeka, na waliosalia hawakubadilika. Kwa wengi ongezeko halikuwa kubwa, kwa hiyo sitamwahidi mzazi yeyote kwamba picha zitamfanya mwanawe azungumze. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba zitamzuia.

Wazazi huniambia mtoto "atakuwa mvivu". Hebu tazama kazi yenyewe. Ili aombe maji kwa picha, lazima atafute kitabu kilipo, afunue ukurasa, aione picha, aichomoe, amfuate mtu na kusubiri aangaliwe. Sauti inafika chumba cha pili, gizani, mikono ikiwa imejaa. Mtoto anayeweza kutamka neno akaeleweka ataiacha picha ya neno hilo mwenyewe, maana sauti ndiyo njia fupi. Akiendelea kuishika picha, ujue kutamka bado ni kugumu kwake. Ulimi, midomo, taya, pumzi na nyuzi za sauti vinatakiwa kwenda pamoja kwa wakati uliopimwa sana, na kwa baadhi ya watoto mpangilio huo ndio hasa uliokwama. Kumnyima picha hakuufungui.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani upesi. Neno likishatamkwa limekwenda; picha inabaki pale pale, mtoto anaweza kuirudia kwa jicho. Na anapokupa picha ya maji nawe ukasema "maji", analisikia neno wakati ule ule akili yake iko kwenye maji. Mafunzo mengi ya nyumbani hayampi nafasi hiyo, kwa sababu mzazi hushika kikombe juu na kurudia, "Sema maji. Sema kwanza ndipo nikupe." Naomba hilo likome. Mtoto aliyekwisha kuomba kwa kidole, kwa picha au kwa kukuvuta mkono ameomba. Mpe, huku ukilitaja neno. Ukimzuilia kikombe mpaka atamke, anajifunza kwamba kuwasiliana nawe ni mtihani anaoufeli kila siku.

Sasa makosa ya upande wetu, maana picha hutumiwa vibaya mara nyingi. Kosa la kwanza ni kumkabidhi mtoto kitabu na kungoja. Mtoto asiye na ucheleweshi husikia maneno karibu mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza, na hakuna anayesema ameshindwa. Huyu wetu anapewa wiki mbili, tena bila kumwona mtu mzima hata mmoja akiigusa picha, halafu tunaambiwa "tumejaribu, haikufaa". Mtu mzima ndiye anayetakiwa kuzungumza na picha kwanza. Ukisema "twende nje", gusa picha ya nje. Ukichoka, gusa ya kuchoka. Fanya hivyo miezi mingi bila kudai jibu.

Kosa la pili ni kujaza kitabu majina ya vyakula na vitu vya kuchezea. Mtoto mwenye kitabu cha namna hiyo anaweza kuomba tu. Hawezi kukataa, kulalamika, kuita wala kusema jambo limemfurahisha. Kila familia ninayoipokea naiambia ianze na maneno haya: sitaki, tena, basi, nisaidie, njoo, angalia. Nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua "sitaki". Wengi wa watoto wanaoletwa kwangu kwa sababu ya kuuma na kurusha vitu hawana njia nyingine ya kukataa. Na wakishaipata, iheshimuni kila inapowezekana, hata kama ni sweta mliyotaka sana aivae. "Sitaki" isiyosikilizwa mara kumi itarudi kuwa meno.

"Anaelewa kila kitu, kusema tu ndiko hajui"

Huenda ni kweli, lakini mara nyingi mzazi ameona sehemu tu ya picha nzima. Unasema "tutoke", na mtoto anakwenda mlangoni. Lakini ulikuwa umeshavaa viatu, umeshika funguo, na saa ni ile ile ya kila siku. Amesoma viatu na funguo. Huo ni werevu, na ni mwanzo mzuri sana, ila haujathibitisha kwamba amelishika neno.

Jaribu hivi: keti, mikono mapajani, macho yasielekee kwenye kitu, kisha taja kitu cha kawaida kwa wakati usio wake. "Kiatu kiko wapi?" mkiwa katikati ya mchezo. Usirudie, hesabu polepole hadi kumi. Akishindwa, usimsahihishe, niambie tu ulichoona. Tofauti ni kubwa kwa matibabu: mtoto asiyeelewa maneno akifundishwa kutamka, tunamjengea paa kabla ya ukuta.

Hiyo hesabu ya kumi ifanyeni hata nje ya jaribio. Watu wazima hawavumilii kimya. Tunauliza, tunarudia, tunabadilisha swali, tunajibu wenyewe, na mtoto anayehitaji sekunde nane kupanga jibu anakuta mazungumzo yamekwisha.

"Masikio yake ni mazima, mlango ukigongwa anageuka"

Mlango una kishindo. Herufi s, f na sh ni sauti nyembamba na hafifu. Mtoto anaweza kuzikosa zote na bado akageuka mlango ukigongwa. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio nayo hupunguza usikivu kwa majuma kadhaa, kisha hurudisha, kisha hupunguza tena. Kila mtoto aliyechelewa kusema apimwe usikivu kwa vifaa. Silianzi zoezi lolote la kutamka kabla sijaona majibu hayo.

"Lugha mbili zimemchanganya"

Lugha mbili hazisababishi ucheleweshi. Watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji, wamechunguzwa kwa jambo hili hasa, na waliolelewa kwa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Anapopimwa, hesabuni maneno ya lugha zote mbili pamoja. Na msimkatie mtoto lugha ambayo bibi yake anampendea.

"Ni udata, akatwe"

Utando mfupi chini ya ulimi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kuathiri baadhi ya matamshi. Haumfanyi asielewe, asionyeshe kwa kidole wala asiitike jina lake. Mtoto wa miaka mitatu asiye na neno hata moja hatapata maneno kwa mkasi.

"Ni mvulana, wavulana huchelewa"

Tofauti kati ya wavulana na wasichana ipo na ni ndogo. Haitoshi kueleza mtoto wa miezi 24 asiyeunganisha maneno mawili, sembuse wa miezi 16 ambaye bado hajaonyesha kitu kwa kidole. Ni kweli kwamba watoto wengi wanaochelewa kusema huwafikia wenzao bila msaada. Shida ni kwamba hatuna njia ya kumtambua kwa hakika yupi atafika na yupi atabaki, na kumpima mapema hakumdhuru yeyote kati yao. Na kama mtoto alikuwa na maneno kisha yakapotea, kwa umri wowote, hilo si la kungoja kabisa: mpelekeni kwa daktari wiki hiyo hiyo.

"Anarudia tu kama kasuku"

Tafiti za mtaalamu wa usemi Barry Prizant za miaka ya 1980 kuhusu watoto wenye usonji (autism) zilionyesha kwamba marudio hayo mara nyingi yana kazi: kuomba, kukubali, kujituliza, kushika zamu katika mazungumzo. Mtoto akija kwako na kusema "unataka maji?" kwa sauti yako mwenyewe, huenda anakuambia ana kiu. Mjibu kwa umbo ambalo yeye angelitumia: "Nataka maji." Basi.

"Amepita miaka mitano, mlango umefungwa"

Kauli hii huvunja wazazi, na wengi huletewa na mtu aliyevaa koti jeupe. Mwaka 2013 mtafiti Wodka na wenzake walichapisha taarifa za watoto 535 wenye usonji ambao lugha yao ilikuwa imechelewa sana walipokuwa na miaka minne. Walipofikisha miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wakitumia vifungu vya maneno, na asilimia 47 walizungumza kwa ufasaha. Kuanza mapema ni bora, hilo silibadilishi. Ila mtoto wa miaka saba asiyesema aletwe, na kitabu chake cha picha kije pamoja naye.

Kile cha juu ya kabati kilishushwa. Nilimwomba yule mama aandike kwa wiki moja kila mara mwanawe alipomfikishia jambo kwa namna yoyote: alifanya nini, alitaka nini, na yeye mama alifanya nini. Alinijia na kurasa nne. Kwenye ya tatu aliandika kwamba mtoto alimgeuza uso kwa mikono miwili ili atazame mvua, kisha akaondoka. Hakutaka kitu. Alitaka tu waione pamoja, na nilipofika kwenye mstari huo nilimwomba anisomee tena.