Mashine ya kukata nyasi ya kukalia na ardhi ya majimaji: yanayosemwa na ukweli wake

Tuanze na hii ya "nunua yenye injini kubwa, haikwami". Hapana jamani. Nyingi ya hizi mashine zinasukumwa na tairi za nyuma tu, na difu yake (gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) ni ile ya kawaida isiyojifunga, sasa tairi moja ikikosa mshiko mzunguko wote unakimbilia hukohuko, unakuta moja inazunguka kama feni na mwenzake katulia tuli. Ukipiga resi hapo unachimba shimo tu, injini iwe ndogo iwe kubwa. Na ule ujanja wa trekta za shamba wa kukanyaga breki ya upande mmoja, huku kwa kawaida haupo, breki ni moja na inashika tairi zote mbili.

Wengine watakuambia ongeza uzito nyuma. Hapa kuna nusu ya ukweli, ndo maana inawaponza watu. Kama nyasi zimelowa ila udongo chini ni mgumu, tatizo ni utelezi, uzito unasaidia kweli. Ila udongo wenyewe ukiwa laini, uzito unakuzamisha zaidi. Kwa hiyo shuka kwanza, nenda pale bondeni kabisa au kwenye kivuli cha mti, kandamiza kisigino. Maji yakipanda kuzunguka kiatu, acha, rudi siku nyingine. Na usidanganyike na "mbona juu pamekauka", mfinyanzi unakauka juu huku chini umebeba maji, kichanga ndo kinawahi kukauka.

Uzito ambao watu hawauhesabu ni lile kapu la nyuma la kukusanyia nyasi. Nyasi mbichi zilizolowa ni nzito balaa, zinakandamiza tairi za nyuma afu mbele kunakuwa kwepesi, unakata kona mashine inaenda moja kwa moja. Mwaga kabla halijajaa.

Upepo nao. Mtu anajaza tairi mpaka inakuwa jiwe akidhani itapita vizuri, kumbe tairi ngumu inakanyaga eneo dogo na inazama haraka. Nyingi zinataka kama psi 10 hadi 14, angalia kitabu chake, sehemu laini kaa karibu na kiwango cha chini ila usishuke zaidi ya hapo, tairi itachomoka kwenye rimu. Tairi za meno makubwa zinashika tope, sawa, lakini zinachana nyasi vibaya, na kwenye mfinyanzi unaonata meno yenyewe yanajaa tope yanakuwa kama hayapo. Minyororo hivyohivyo.

Zile zinazogeuka papo hapo ati hazikwami kwa sababu kila tairi ya nyuma ina mwendo wake? Shida ya difu hazina kweli, ila vile vigurudumu vya mbele vinazama, na ukigeuzia sehemu moja unabandua nyasi na kuacha tope tupu. Kata kona pana.

Ukishakwama, ile ya "kanyaga tu itatoka" ndo inayokuzika. Simama mara moja, zima visu, vipandishe juu kabisa, jaribu kurudi nyuma polepole kwa njia uliyoingilia. Ikigoma zima injini, toa tope, sukumia ubao chini ya ile tairi inayozunguka, na mtu asikae usawa wa ubao maana unaweza kuruka.

Kuvuta kwa kamba pia watu wanaona ni kufunga na kuvuta tu. Kama yako ni ya haidrostatiki, ile isiyo na klachi ya kubadilisha gia, kuna kimkono, mara nyingi nyuma, cha kuachia tairi zizunguke zenyewe. Usipokiachia ukavuta unaweza kuua pampu ya giaboksi. Funga kamba kwenye fremu, vuta taratibu, umbali mfupi, na kwenye mteremko usijaribu kwani kimkono kikiwa wazi giaboksi haiizuii tena isiserereke. Ikitoka, kirudishe, la sivyo utawasha, utakanyaga, haiendi, na utaanza kutafuta fundi bure.