Mtoto Hatulii Darasani: Maswali ya Wazazi Kuhusu Dawa za ADHD

Mzazi akishaambiwa mtoto wake ana ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya ashindwe kutulia, kusikiliza au kujizuia kuliko wenzake wa umri wake, swali la kwanza huwa ni moja: tumpe dawa au tusimpe? Ni swali la haki, ila mara nyingi huulizwa mapema mno.

Mwalimu ametuita shuleni, anasema mwanetu ana ADHD. Aanze dawa?

Bado. Mwalimu anaweza kushuku, na mara nyingi jicho lake liko sahihi, lakini kuthibitisha si kazi yake. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Daktari hutegemea maelezo: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, zinaonekana katika mazingira zaidi ya moja (nyumbani, shuleni, madrasa, kwa shangazi wakati wa likizo), na zinamkwamisha kweli. Mtoto anayesumbua kwenye kipindi cha hesabu tu, na kwingine kote ametulia, ana shida na hesabu au na mwalimu wa hesabu.

Angalieni pia umri wake darasani. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wenzao wa darasa moja hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi. Sisi tunaopenda kumwahisha mtoto darasa la kwanza tulifikirie hilo.

Na msiwasahau mabinti. Wapo wasiokimbia wala kupanda meza. Wanakaa kimya dirishani, daftari tupu, na ripoti inasema "anaweza ila mvivu".

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu?

Upo zaidi ya mmoja, na hapa ndipo ningetaka mzazi atumie muda wake mwingi kabla ya kufikiria dawa yoyote. Mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoka usaha huonekana hasikilizi. Asiyeona ubao hucheza. Anayekoroma usiku kucha kwa sababu ya nyama za pua hulala vibaya, na mchana mtoto mchovu halegei kama mtu mzima, yeye huchachamaa. Upungufu wa damu nao hula umakini.

Kuna kifafa kisichokuwa na degedege: mtoto anaduwaa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu ataandika "anaota mchana". Kwa mwenye selimundu, kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje kinaweza kupunguza umakini. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha alama kama hiyo hata baada ya mtoto kupona.

Sumu ya risasi, yaani madini ya lead, si risasi ya bunduki, pia imo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na kesi yao ilizunguka mahakamani miaka mingi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hugusa akili na tabia yake, na vidonge vya ADHD haviiondoi. Kama mnaishi karibu na wanaovunja au kuyeyusha betri, mwambieni daktari.

Na jambo moja ambalo husahaulika: fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumika sana kwetu kwa sababu ni rahisi, huwafanya baadhi ya watoto wasitulie na wawe wakali. Kama mtoto anaitumia na utundu ulianza baada yake, rudini kwa aliyeiandika. Msiikatishe wenyewe, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.

Tumethibitishiwa. Hiyo dawa inafanya nini hasa?

Inayotumika zaidi ni methilfenideti. Iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon huko Uswisi, naye akaipa jina la kibiashara, Ritalin, kutokana na mkewe aliyeitwa Rita. Ni dawa ya kuchangamsha, na hapo ndipo wazazi hushangaa: mtoto asiyetulia anachangamshwa tena? Inachochangamsha ni sehemu za ubongo zinazosema "ngoja" na "maliza ulichoanza". Huongeza kemikali za dopamini na noradrenalini zinazopitisha ujumbe huko.

Kidonge cha muda mfupi huanza kazi ndani ya saa moja hivi na huisha baada ya saa 4 hivi. Kwa hiyo siku ya kwanza tu mnaweza kuona kitu. Daktari huanza na kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 5, kisha hupandisha polepole wiki kwa wiki. Zipo nyingine zisizo za kuchangamsha, kama atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na klonidini, ambayo haikatishwi ghafla kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuruka.

Dawa haimfundishi mtoto kusoma. Inampa nafasi ya kukaa ili afundishwe.

Nasikia inawafanya watoto mazezeta, na baadaye wanakuwa walevi wa madawa.

Mtoto akiwa kama amezimwa, hacheki, hachezi, kipimo kimezidi au dawa haimfai. Hali hiyo hairuhusiwi kuendelea, rudini hospitali. Ikinywewa kwa kipimo cha daktari, ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba inamwandaa mtoto kuwa mlevi. Lakini ni dawa inayoweza kutumiwa vibaya na wengine, ndiyo maana huwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Ifungieni kabatini, na kaka mtu anayesomea mtihani asionjeshwe.

Madhara ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, kichwa au tumbo kuuma, na moyo kwenda kasi kidogo. La chakula ndilo linalowachosha akina mama. Mpe uji mzito wa maziwa na yai kabla ya kidonge, usibishane naye mchana, kisha weka chakula cha usiku cha kutosha dawa ikishaisha. Urefu na uzito vipimwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu wengine hupunguza kasi ya kukua kidogo. Kama amewahi kuzimia akikimbia, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, lisemeni hilo kabla ya kidonge cha kwanza.

Bibi yake anasema tumwachishe sukari, tumpe mitishamba na tumwombee.

Sukari: majaribio ambayo watoto walipewa bila wao wala wazazi kujua yupi kala sukari na yupi kala kitamu bandia hayakuonyesha tofauti ya tabia. Soda mpunguzieni kwa ajili ya meno na uzito. Rangi za vyakula zina hoja kiasi: utafiti wa Southampton wa mwaka 2007 ulikuta baadhi ya watoto wanachangamka zaidi, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka onyo kwenye vyakula vyenye rangi hizo. Kuziacha hakumdhuru mtu. Mafuta ya samaki yanasaidia kidogo sana, ukilinganisha na dawa.

Mitishamba isiyojulikana kipimo chake ningeikataa, hasa pamoja na vidonge. Maombi ni haki ya familia na yanaweza kwenda sambamba na kliniki. Pale mnapoambiwa mtoto ana pepo na afungwe au apigwe, ondokeni.

Bila dawa kuna nini cha maana?

Kuna mafunzo ya wazazi, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 hayo ndiyo huja kwanza. Si mawaidha. Ni ufundi.

Ukimwambia mtoto wa ADHD, "Nenda kaoge, vaa sare, ulete daftari na umfungie mbuzi," utamkuta kwa mbuzi akiwa na kiatu kimoja. Msogelee, mguse bega, mtaje jina, mwambie jambo moja. "Baraka, vaa sare." Akimaliza, msifu kwa alichofanya: "Umevaa bila kuitwa mara mbili." Kisha jambo la pili. Thawabu itoke siku hiyo hiyo, kwake Ijumaa ni mbali mno. Fimbo inamtisha kwa dakika tano na haimwongezei uwezo wa kujizuia hata chembe. Shuleni akae mbele, mbali na dirisha, na atumwe chaki au kufuta ubao ili apate sababu halali ya kuinuka.

Kipi kinashinda?

Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 1999 lilifuatilia watoto 579 kwa miezi 14. Kwa dalili zenyewe, dawa iliyosimamiwa kwa karibu ilishinda mafunzo ya tabia peke yake. Waliopata vyote viwili walifanya vizuri pia katika mambo kama uhusiano na wazazi, tena kwa kipimo kidogo cha dawa. Walipoangaliwa baada ya miaka 3, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Mimi nasoma hapo kwamba ufuatiliaji ndio uliobeba kazi, na kidonge kinachoandikwa kisha mtoto asionekane tena mwaka mzima si matibabu.

Baba yake hataki kabisa. Tufanyeje?

Msibishane kuhusu dawa, bishaneni kuhusu malengo. Chagueni mambo matatu yanayoonekana: amalize kazi ya darasani, asipigane, akae mezani dakika 15. Mwalimu aandike ndiyo au hapana kila siku kwenye daftari dogo, wiki mbili kabla ya dawa na wiki nne baada ya kuanza. Kisha fungueni daftari wote, pamoja na daktari. Baba anayeogopa hukubali jaribio lenye mwisho kuliko dawa ya maisha.

Na kama dawa haipo huku kwetu?

Kwingi haipo. Shirika la Afya Duniani lilipoombwa mwaka 2019 na tena 2021 kuingiza methilfenideti kwenye orodha ya dawa muhimu, lilikataa, na nchi nyingi huitazama orodha hiyo zinapopanga dawa za hospitali zao za umma. Ombeni rufaa kwenye hospitali kubwa yenye kliniki ya afya ya akili ya watoto, kama Muhimbili Dar es Salaam au Butabika Kampala. Kabla ya kuanza ulizeni kama mtaipata kila mwezi na kwa bei gani. Kama jibu ni hapana, anzeni na mafunzo ya nyumbani na makubaliano na mwalimu. Hayo hayahitaji duka la dawa. Msinunue vidonge kwa mtu wa mtandaoni.

Mtoto anafunga Ramadhani.

Ongeeni na daktari mwezi mmoja kabla. Kidonge cha muda mrefu kinaweza kuhamishiwa daku, lakini mtoto anayetumia dawa inayokata hamu ya kula na bado hajafikia umri wa kulazimika kufunga hana haja ya kushindana na wakubwa.