Je, wajua kwa nini posti ya biashara yako haiwafikii wafuasi wako wote?

Kama una biashara ndogo na umeifungulia peji, hili swali lazima limeshakusumbua: wafuasi ni elfu moja na kitu, picha umepiga vizuri, maelezo umeandika, halafu ukifungua takwimu za posti unakuta imefikia watu tisini na kitu. Sasa wale wengine wako wapi?

Mimi nimeendesha peji ya biashara ya ushonaji kwa muda, na miaka yote hiyo jibu langu lilikuwa moja: wametufungia. Nilikuwa naamini kuna kiwango kimewekwa, kwamba posti yako inaonyeshwa kwa watu kadhaa kisha mlango unafungwa mpaka ulipie tangazo. Na sikuwa peke yangu, maana Januari 2019 ilisambaa posti moja dunia nzima ikidai Instagram sasa inawaonyesha asilimia 7 tu ya wafuasi, na watu wakaombwa waandike "ndiyo" kwenye komenti ili wasipotee. Niliiposti na mimi. Watu wakaandika ndiyo nyingi tu, nikafurahi, wiki iliyofuata namba zikarudi palepale.

Mwezi huohuo Instagram walijibu hadharani, tena kupitia Twitter, kwamba hakuna sheria ya namna hiyo na hawawafichi watu posti za wale wanaowafuata. Wakasema kinachotangulia kuonekana kinategemea akaunti ambazo mtu anajishughulisha nazo zaidi, posti ni ya muda gani, mtu anaingia mara ngapi na anafuata watu wangapi, ila ukiendelea kushuka chini utazikuta zote. Hayo maneno ya mwisho yasome tena, kwa sababu jibu lote limo humo. Posti yako ipo. Iko chini sana, na mwenye simu ameshalala.

Zamani haikuwa hivi. Instagram ilikuwa inapanga posti kwa saa, mpya juu ya zamani chini, mpaka 2016 ndo wakaanza kupanga kwa kile wanachodhani utakipenda. Wakati wanatangaza mabadiliko walisema kwamba kwa wastani mtu alikuwa anakosa asilimia 70 ya posti zilizokuwa zinamjia, yaani hata wakati ule wa kupanga kwa saa, ambao sisi wenye biashara tunaukumbuka kama enzi za neema, sehemu kubwa ya wafuasi ilikuwa haituoni, ni vile tu hatukuwa tunajua. Upande wa Facebook, 2014 kiongozi wao mmoja wa mambo ya matangazo, Brian Boland, alieleza kwamba kila mtu akiingia, kwa wastani kuna posti 1,500 zinazoweza kumtokea na mfumo unachagua kama 300 hivi. Hizo ni namba za Facebook na ni za mwaka ule, usizibebe ukaziweka kwenye kila mtandao wa leo, ila zinakupa picha ya msongamano wenyewe.

Sasa hiyo kazi ya kuchagua inaendaje? Hapa ndo pananivutia mimi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chukulia kila mfuasi wako ana karani wake mlangoni. Siyo karani mmoja wa mtandao mzima, hapana, kila mtu na wa kwake. Asubuhi karani anapokea bahasha 1,500 na anamjua bosi wake vizuri, anajua atafungua chache tu akiwa anasubiri chai ichemke halafu ataondoka. Kwa hiyo anazipanga. Ya juu ni ile anayoamini bosi ataifungua, na hajui kwa uhakika, anabashiri kutokana na alichokiona siku zilizopita. Bahasha za dada yake bosi huwa anazisoma mpaka mwisho na kuzijibu, hizo juu. Za yule fundi nguo, mara ya mwisho aliiangalia nusu sekunde akaiweka pembeni, na ya kabla yake hivyohivyo, basi hiyo ikae chini. Karani hajakuchukia wala hakujui, anachokumbuka ni kwamba bosi wake hakusimama kwako.

Ukitaka kujua karani anatazama nini hasa, 2021 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, aliandika kwamba kwenye ukurasa mkuu, ule unaoukuta ukifungua Instagram, wanabashiri zaidi mambo matano: kama mtu atakaa sekunde kadhaa kwenye posti, atakomenti, atalaiki, ataihifadhi, au atabonyeza picha ya akaunti. Akasema pia hakuna algorithimu moja, yaani ule mfumo wa kompyuta unaopanga posti, karani wetu mwenyewe, ukurasa mkuu una yake, stori zina yake, video fupi zina yake. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kukukosa kwenye ukurasa mkuu akakukuta kwenye stori, maana ni meza mbili tofauti.

Kuanzia hapo mambo mengi niliyokuwa nayaona kama uonevu yakaanza kueleweka. Kwa mfano wafuasi wa kununua: unampa kila mmoja bahasha na hakuna anayefungua, umeongeza namba na hujaongeza msomaji. Au ile "tagi marafiki watatu, laiki kama unakubali", Desemba 2017 Facebook walitangaza kabisa kwamba posti za kuombaomba hivyo zitashushwa.

Ila hisia za wenye biashara nazo zina msingi. Januari 2018 Facebook walisema waziwazi wanatanguliza posti za ndugu na marafiki na kwamba peji za biashara na vyombo vya habari zitaonekana kidogo zaidi, na matangazo ya kulipia nayo yanakaa kwenye foleni ileile, kila nafasi yanayochukua ni nafasi ambayo haikwenda kwa posti ya bure. Halafu kampuni hizi hazitoi mizani kamili ya kila kigezo na zinabadilisha mara kwa mara, kwa hiyo anayekuuzia "saa kamili ya kuposti" anakuuzia makisio, saa nzuri ni ile wateja wako wewe wanapokuwa macho na hiyo iko kwenye takwimu za akaunti yako.

Blogu inafanya kazi kinyume na haya yote, na ndiyo maana watu wanaidharau mapema. Kule hakuna bahasha inayopelekwa kwa mtu. Google inatuma programu zake zinapita kwenye kurasa, inaziweka kwenye faharasa, yaani orodha yake ya kurasa, halafu zinakaa zikisubiri mtu aje na swali lake mwenyewe. Mteja ndo anayetembea. Kwenye mwongozo wao Google wanasema mabadiliko mengine huchukua saa chache kuonekana na mengine miezi kadhaa, kwa hiyo ukipima blogu kwa kipimo cha laiki za siku ya kwanza utaiacha kabla haijaanza kazi. Na usijaze ukurasa maneno ya kutafutwa mara hamsini, ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye kodi ya ukurasa, yale maandishi ya kompyuta ambayo msomaji hayaoni, Google walishasema tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, japo wapo wanaoijaza mpaka kesho.

Kwenye ile peji ya ushonaji tulichobadilisha ni kitu kimoja. Picha za nguo iliyokwisha kwenye hanga tukazipunguza, tukaanza kujibu maswali ambayo wateja walikuwa wanatuuliza inboksi kila siku. La kwanza lilikuwa la kujipima nyonga mwenyewe, kwa sababu wengi walikuwa wanapima kiuno mara mbili wakidhani ya pili ni nyonga, nguo inarudi imebana. Tukarekodi video ya karibu kabisa, utepe unazungushwa pale palipojaa zaidi, siyo juu kwenye mfupa, kidole kimoja kinapita chini yake usikaze, miguu imebanwa pamoja, halafu unasoma namba ukiwa umesimama wima bila kuinama maana ukiinama utepe unapanda. Video watu waliihifadhi, wengi kuliko waliolaiki, na maelezo yaleyale tukayaandika kwenye blogu yakiwa na michoro minne. Mpaka leo kuna mtu anaandika kwenye Google namna ya kujipima nyonga, anaingia pale, na inboksi anatuma namba zikiwa zimeshakaa sawa.